Upepo Aliopunguza Mezna

Ijumaa hiyo Mezna binti Sanad alitoka zamu ya usiku kwenye mnara wa kuongozea ndege saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na badala ya kushika njia ya nyumbani kwao Arad, akakata kushoto mpaka kwenye kiwanja cha mchanga kilicho nyuma ya uzio wa uwanja wa ndege. Alikuwa hajakanyaga pale kwa miezi mitano. Akazima gari, akashika usukani kwa mikono miwili na kujiuliza kama anaogopa. Alijipapasa moyoni kama mtu anavyopapasa mfuko uliotoboka, akakuta ganzi ile ile ya siku zote.

Watu wa kisiwa chao cha Muharraq walikuwa wakimsifu. "Mashaallah, binti Sanad ana subira," waliambiana wanawake siku za msiba, walipomwona akigawa kahawa siku tatu mfululizo bila kudondosha chozi, ilhali aliyezikwa ni Mishal, kaka yake wa pekee. Subira! Laiti wangejua. Mwenye subira ni yule anayeumwa akanyamaza. Mezna haumwi. Chai haikuwa na moto mdomoni mwake, chumvi haikuwa na ukali, usiku alilala kama gogo na asubuhi akaamka vile vile, gogo.

Mishal alikufa mwishoni mwa Septemba katika barabara ya Zallaq, tairi la nyuma lilipopasuka gari likiwa mbioni. Matairi yale alikuwa ameyanunua dukani kwa Ghanim, na Ghanim ndiye aliyekuwa mchumba wa Mezna. Zilibaki wiki tatu tu waandikiwe ndoa. Siku ya nne ya msiba, mzee Sanad, ambaye mtaa mzima unamwita Bu Mishal kwa jina la mwanawe wa kwanza, na hata leo hakuna aliyethubutu kumwita vinginevyo, alisimama mlangoni kwake mbele ya waombolezaji akamnyooshea Ghanim kidole. "Matairi yako yameniulia mwanangu. Uchumba umekwisha. Mguu wako usikanyage tena hapa." Ghanim aliinamisha kichwa akaondoka, na tangu siku hiyo duka lake likawa duka la kunong'onwa.

Mezna alikuwa dirishani ghorofani. Alisikia kila neno. Na alidhani ni yeye peke yake, katika nyumba nzima, anayejua kwamba tairi lile halikuwa na kosa.

Siku moja kabla ya ajali, jua kali la mchana, Mishal alirudi kutoka kwenye mbio zake akilalamika kwamba gari limekuwa gumu, linamvunja mgongo. "Hebu nipimie upepo, Mezna. Wewe ndiye mtu wa vipimo." Mezna akapima, akakuta arobaini na moja. Kibandiko cha mlangoni kilisema thelathini na mbili. Basi akachuchumaa kwenye kila tairi, akapunguza mpaka thelathini na mbili kamili, akajiona fundi. Matairi yalikuwa ya moto! Hakuna anayepunguza upepo wa tairi la moto. Usiku yalipopoa upepo ukanywea, yakabaki na upungufu mkubwa, na kwa kuwa yalikuwa matairi ya ubavu mfupi, yale ambayo mpira wake ni kama mkanda tu uliovishwa juu ya rimu, jicho halikuweza kuona kwamba yamelegea. Asubuhi Mishal akaondoka nayo mbio.

Hilo hakumwambia mtu. Na jana jioni mama yake, akichambua mchele, alisema kama anayetaja bei ya samaki kwamba Ghanim ameuza duka, na kesho kabla ya sala ya Ijumaa anavuka daraja la baharini kuhamia Dammam, nchi jirani, moja kwa moja. Kwa hiyo ilikuwa leo au basi. Aseme leo, ampoteze baba. Anyamaze, na Ghanim aondoke na jina la muuaji mgongoni. Mezna alishuka garini akarekebisha shela yake.

"Aa! Naota au naona? Binti Sanad!" Bu Ghayth ndiye aliyemwona kwanza. Mzee huyu alitengeneza ndege miaka thelathini na tano kabla hajastaafu, na sasa kila Ijumaa baada ya sala ya alfajiri huja hapa na gari lake la zamani, refu kama mashua, kuangalia ndege na kugombana na vijana. "Karibu mwanangu, karibu. Tulidhani umetuasi."

"Nipo, mzee wangu. Kazi tu."

"Kazi! Mnatuchungulia kutoka juu ya mnara wenu na darubini, salamu hamna."

"Leo nimeileta mwenyewe."

Kando ya mzee alikuwa Duaij, rafiki wa Mishal tangu shule, kijana mwenye mdomo usiotulia na gari lililolala chini mpaka paka hawezi kupita uvunguni. Na kwenye gurudumu la nyuma la gari hilo, amechuchumaa, kanzu imekunjwa magotini, alikuwa Ghanim.

Ghanim akainua macho. Zamani, kabla, Mezna alikuwa akiona tu mkono wa kanzu ya mtu huyu ukipita mlangoni na moyo unamruka mpaka kooni. Sasa alimtazama usoni. Akaona amekonda, akaona ndevu zimeachwa kukua ovyo, akaona yale macho yaliyokuwa yakimchekea kabla mdomo haujacheka. Akasubiri. Moyo haukuruka.

"Salaam aleikum," alisema.

"Wa aleikum salaam," Ghanim alijibu, akarudi haraka kwenye rimu.

Duaij, ambaye kimya humwasha kama upupu, akadakia. "Ghanim, nipe hukumu. Itapona?"

"Imepinda. Na hii ni ya tatu mwaka huu. Umepita wapi?"

"Tuta la mbele ya shule."

"Ulilipita au ulilipiga kichwa?"

"Mwacheni mtoto wa watu," Bu Ghayth akasema, akimiminia Mezna chai ya maziwa kutoka kwenye chupa. "Hayo si matairi, hiyo ni rangi nyeusi imepakwa kwenye chuma. Duaij akikanyaga sarafu barabarani, anajua kama ni upande wa picha ya mtende au upande wa namba!"

"Cheka, mzee, cheka. Lile lako linayumba kama godoro la maji. Ukikata kona leo linageuka kesho. Langu ubavu ni mfupi, haupindi, nikilisemesha linasikia."

"Linasikia, ila mgongo wako hausikii. Una miaka ishirini na nane unashuka garini kama mjamzito wa miezi tisa."

"Lahaula! Umenivunjia heshima mbele ya dada."

"Heshima ipi? Rimu zote umeshazivunja, heshima ungeibakisha ya nini?"

Hata Ghanim alicheka, kicheko kifupi cha puani. Mezna aliinua kona za mdomo, kwa kuwa alijua hapo ndipo watu hucheka.

Mara ardhi ikaanza kutetemeka. Ndege kubwa ya mizigo ilikuja kutoka mwisho wa njia, ikajikokota, ikajikokota, kisha ikanyanyua pua na kupita juu yao ikiziba anga, na wote wanne wakainua nyuso kama watoto. Ilipokwisha kuwa nukta juu ya bahari, ilionekana ndege ndogo ya watu sita au saba imesimama mwanzo wa njia, injini zinazunguka, lakini haiendi.

"Sasa yule anangoja nini?" aliuliza Duaij. "Njia nyeupe, hewa imetulia tuli. Kalala?"

"Muulize mwenye mnara," alisema Bu Ghayth.

Mezna alishika kikombe kwa mikono miwili. "Amezuiwa. Ndege kubwa ikipaa, kila bawa huacha kisulisuli nyuma yake. Viwili, vinazunguka, vinashuka polepole. Ndege ndogo ikiingia humo inapinduliwa."

"Kama chapati kikaangoni," Bu Ghayth akaongezea, akageuza kiganja. "Nimeona kwa macho yangu. Bawa lilielekea chini, rubani akapiga mayowe tukamsikia mpaka kwenye banda la ndege."

"Ah, hilo nalijua!" Duaij akapiga paja. "Pita nyuma ya lori pale darajani uone. Gari linashikwa kichwa linatikiswa. Nilidhani ni matairi."

"Matairi yako yana makosa mengi, lakini hilo ni upepo," alisema Ghanim bila kugeuka.

"Lakini dada Mezna, mimi hapa sioni kisulisuli chochote."

"Havionekani."

"Basi mnajuaje vipo?"

"Tunajua kilichopita."

"Siku ya upepo mkali je? Si ndiyo balaa zaidi?"

"Hapana. Siku ya upepo, upepo huvifukuza. Siku tulivu kama ya leo ndiyo vinabaki pale pale." Alikuwa akiyasema hayo kwa sauti ya kazini, ile ile anayosomea marubani mwendo wa upepo.

Ghanim akageuka. "Vinakaa muda gani?"

Lilikuwa swali la kwanza kumwuliza tangu Septemba.

"Dakika mbili," Mezna alisema. "Wakati mwingine tatu."

"Mbili tu," alisema Ghanim. Alimtazama kidogo, akafuta mikono kwa kitambaa, akasimama.

Ile ndege ndogo ikaruhusiwa, ikakimbia, ikapaa salama. Duaij aliisindikiza kwa macho, kisha akapiga teke tairi lake jipya. "Haya, fundi, kabla hujatukimbia. Hili nilijaze ngapi?"

"Thelathini na nne. Alfajiri, kabla gari halijatoka nyumbani."

"Alfajiri nani ataamka? Mimi hupima mchana huko huko kituo cha mafuta. Nikikuta umezidi, napunguza, mambo yamekwisha."

"Usipunguze!"

Ghanim alimshika Duaij bega, akalibana. Sura yake ilikuwa imebadilika. "Sikiliza. Mchana tairi limechemka, upepo umevimba. Ukiutoa, usiku ukipoa unabaki na nusu tairi, na haya ya ubavu mfupi hayaonyeshi. Yamesimama vile vile mazuri. Unapanda unakwenda, linachemka, linapasuka. Ukikuta umezidi mchana, acha! Umenisikia? Acha kama ulivyo."

"Nimesikia, ndugu yangu. Nimesikia."

Bu Ghayth alikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani. Wote walijua ni nani aliyekuwa anakaa pale juu ya tangi kuukuu la maji kando ya kiwanja kila Ijumaa akiwatania kuliko wote, na hakuna aliyetaka kulitaja jina lake mbele ya dada yake.

"Ghanim," alisema Mezna. "Nina neno na wewe."

Walitembea kando ya uzio, mahali ambapo wale wengine wangewaona lakini wasiwasikie. Ghanim alitembea hatua moja mbali naye, mikono nyuma.

"Ungenipigia simu tu," alisema. "Baba yako akisikia umesimama nami hapa, ataongeza maradhi."

"Anadhani bado niko kazini."

"Umekonda, Mezna."

"Na wewe."

"Mimi nina sababu." Alisimama. "Nilikuwa nimepanga niondoke bila kukuona. Nilijiambia, mwanamume, vuka daraja usigeuze shingo. Sasa umekuja, basi na mimi niseme langu moja nitue. Yale matairi yalikaa dukani kwangu miaka miwili. Mishal aliniuliza, 'Si ya zamani haya?' Nikamwambia, 'Hayana neno, ndugu yangu, chukua.' Kila usiku namsikia akiniuliza. Kwa hiyo baba yako sina kinyongo naye. Hakukosea."

"Alikosea."

"Mezna, usinifariji."

"Sikufariji. Upepo niliupunguza mimi."

Ghanim alimwangalia kama mtu aliyesemeshwa lugha ya mbali. Kisha yule fundi ndani yake akaamka kabla ya mchumba, akaanza kuuliza, taratibu, kwa sauti ya chini.

"Lini?"

"Siku moja kabla."

"Saa ngapi?"

"Saa nane mchana."

"Gari lilikuwa limelala au limetoka njiani?"

"Limetoka Zallaq. Lilikuwa la moto. Niliunguza kidole kwenye rimu."

"Ulikuta ngapi?"

"Arobaini na moja."

"Ukaacha ngapi?"

"Thelathini na mbili. Yote manne."

Ghanim alifumba macho. Midomo ilikuwa ikihesabu. "Asubuhi yalikuwa ishirini na tano," alisema. "Labda ishirini na sita. Na Mishal haendi polepole."

"Hapana."

"Hata yangekuwa mapya ya jana, yangepasuka."

"Ndiyo."

Alivuta pumzi ndefu, na Mezna akayaona mabega yake yakishuka, yale mabega ambayo kwa miezi mitano yalibeba maiti. Ghanim aligeukia uzio akashika waya kwa vidole. Alipogeuka tena, alikuwa mtu mwingine.

"Umejua tangu lini?"

"Ami alileta karatasi ya polisi nyumbani. Iliandikwa upungufu wa upepo. Nikakumbuka."

"Siku gani?"

"Siku ya tatu."

"Ya tatu." Alitikisa kichwa polepole. "Mimi nilifukuzwa siku ya nne."

"Ndiyo."

"Ulikuwa wapi?"

"Dirishani."

"Niliinua macho nikakuona," Ghanim alisema. "Katika fedheha ile yote niliinua macho nikakuona nyuma ya pazia, nikasema, maskini, Mezna ananililia. Hilo ndilo lililonipeleka nyumbani siku ile. Nilishika usukani kwa hilo."

"Sikuwa nalia."

"Kwa nini, Mezna? Mimi nilikuwa nani kwako?"

"Ulikuwa kila kitu. Nilifungua mdomo, sauti haikuja. Nikasema nitasema kesho. Kesho nikasema kesho. Kisha ganzi ikaniingia na nikaona afadhali nikae nayo. Sijui kuomba radhi, Ghanim. Najua maneno yake, lakini nikiyasema ni maneno tu. Sisikii kitu. Tangu siku ile sisikii kitu."

"Watu walinirudishia matairi mapya, hata karatasi hayajatolewa. Mama yangu akienda sokoni anazunguka mtaa mzima asipite mlangoni kwenu. Nimeuza duka la baba yangu."

"Najua."

"Unajua!" Alicheka vibaya, akajipangusa uso kwa mikono yote miwili. Kisha hasira ikamtoka ghafla kama ilivyoingia, akabaki amechoka tu. "Haya. Umeniambia. Nitalala usingizi leo, hilo pekee ni kubwa. Lakini sikiliza. Baba yako usimwambie."

"Nini?"

"Usimwambie. Alikuwa na wawili, amebaki na wewe. Ukimpa hilo atafanya nini nalo? Mimi navuka leo. Jina langu limeshachafuka, tope likikauka mwilini unalizoea. Acha wanichukie mimi, niko mbali, haitaniumiza."

Mezna alimtazama. Alijua kwamba mwanamke yeyote anayeambiwa maneno yale na mwanamume ambaye yeye mwenyewe alimdhulumu angeanguka miguuni pake. Alijua jinsi mapenzi yale yalivyo makubwa, kama mtu anavyojua kina cha bahari kwa kusoma ramani. Ndipo alipoona kwamba akikubali huruma hii moja tu zaidi, ataishi hivi mpaka kufa, anagawa kahawa na kusifiwa.

Akatoa simu. Ghanim akanyoosha mkono kumzuia, lakini tangu zamani hawajawahi kugusana, na hata sasa mkono wake uliishia hewani.

"Mezna, tafadhali."

Simu iliita mara mbili. Aliweka sauti kubwa, kwa kuwa alijua akiwa peke yake na baba yake atarudi nyuma.

"Mwanangu." Sauti ya mzee Sanad ilikuwa na usingizi wa baada ya sala. "Zamu imekwisha? Mama yako amepika tambi za sukari, na yai juu kama unavyopenda. Njoo kabla hazijapoa."

"Baba, sikiliza usinikatize. Siku moja kabla ya ajali, mchana, mimi ndiye niliyepunguza upepo wa matairi ya Mishal. Yalikuwa ya moto. Nilikosea. Ndiyo maana lilipasuka. Halikuwa kosa la Ghanim."

Kilisikika kijiko kikiwekwa kwenye sahani.

"Baba?"

"Najua, mwanangu."

Mezna alihisi anga limeinama kidogo. "Unajua nini?"

"Asubuhi ile Mishal alinipigia akiwa njiani. Nilimwambia apunguze mwendo. Akacheka, akasema, 'Baba, ondoa wasiwasi, upepo amenipimia Mezna mwenyewe.' Kisha ami yako akaleta ile karatasi. Mimi si mtu wa magari, lakini nilimuuliza fundi mmoja kule Riffa, nikamweleza saa na jua. Akanieleza yaliyobaki."

"Ulijua. Siku ya nne ulikuwa unajua."

"Nyumba ilikuwa imejaa watu, Mezna. Kila mtu anauliza karatasi ya polisi imesema nini, kosa ni la nani. Walitaka mtu. Nikawapa mmoja kabla hawajafika kwako." Sahani ilisikika ikisukumwa. "Nilimzika mmoja. Sikuweza kuwaachia wa pili wamzike kwa midomo. Nilisema kijana yule ni mwanamume, atapona. Mungu anisamehe. Kila Ijumaa namwona msikitini anakaa safu ya nyuma, naye ananiinamia kichwa."

Mezna aliangalia mbele. Ghanim alikuwa ameganda, uso mweupe kama kanzu yake.

"Baba, Ghanim yuko hapa. Amesikia yote."

Ghanim akasogea karibu na simu, karibu kuliko alivyowahi kumsogelea Mezna, akaongea polepole kwa adabu, kama anayeongea na mzazi.

"Mzee wangu, ungeniita kando ukaniambia, 'Ghanim, nibebee hili, ni la Mezna,' wallahi ningelibeba mpaka kaburini na nisingeuliza mara ya pili. Lakini ungeniambia nabeba nini. Miezi mitano nimejihesabu muuaji. Niliacha kuswali mbele kwa sababu niliona sistahili."

"Njoo nyumbani, mwanangu," alisema mzee Sanad. "Njoo sasa hivi. Nitakuomba radhi mlangoni pale pale, mbele ya mtaa. Na binti yangu huyo, kama bado unamtaka..."

"Mzee, leo siwezi."

"Basi kesho."

"Sijui ya kesho." Ghanim akarudi nyuma hatua moja, kisha ya pili. Alimtazama Mezna kwa macho mekundu ambayo hayakuwa na chuki, na hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko chuki.

"Ghanim," alisema Mezna. "Nakupenda."

"Najua. Na mimi nakupenda, mapenzi hayajaenda popote, ningetamani yaende. Lakini nyote wawili mlikaa mkaniangalia nikizama, Mezna. Wewe juu, yeye chini. Nikibaki hapa nitasema neno ambalo sitaweza kulirudisha. Acha nivuke. Nikiweza kukutazama usoni tena, nitakuja mwenyewe kwa mlango wa mbele. Nisipoweza, usiningoje."

Aliondoka. Hakukimbia, hakugeuka. Alimpa Bu Ghayth mkono, akamkumbatia Duaij aliyekuwa akiuliza kuna nini, kuna nini jamani, akapanda gari lake lililojaa masanduku mpaka dirishani. Mezna alilifuata kwa macho likipita kandokando ya uzio, likisimama kwenye njia panda, likiwasha taa ya kulia, likikata. Akawa bado anaitazama ile kona.

Simu ilikuwa bado hai mkononi mwake.

"Mezna? Mwanangu, bado upo?"

"Nipo, baba."

"Ameondoka?"

"Ameondoka."

"Nisemeshe. Usinyamaze hivyo, nakuogopa unaponyamaza. Sema chochote."

Alifungua mdomo kusema kwamba hajambo, neno lake la miezi mitano, na halikutoka. Badala yake kitu kilimshika chini ya mbavu, kikazungusha, kikakaza. Akaketi mchangani na nguo zake za kazi. Ilikuwa Mishal, na ilikuwa Ghanim, na ilikuwa yale magurudumu manne ya moto aliyoyachuchumalia moja moja akijiona fundi, vyote vimeingia pamoja kwa mlango mmoja.

"Baba," alisema, na sauti haikuwa ya kazini tena. "Inauma."

"Wapi, mama? Wapi?"

"Kote. Baba, inauma kote."

Kule Arad kiti kilisukumwa, funguo zikalia, na mzee Sanad akasikika anahema akitafuta viatu vyake.

"Lia," alimwambia, naye mwenyewe akilia. "Lia, mama. Usijizuie. Nakuja kukuchukua."